Makaroni ya Rais, kopo la uyoga na kunde za Mwaka Mpya

Kwenye karamu ya mwaka 1621, ile ambayo watoto wa shule za Marekani huiigiza kila Novemba, kwa sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving), wakiwa wamevaa kofia za karatasi, hapakuwa na pai hata moja. Unga wa ngano ulikuwa haba, siagi haikuwapo, oveni ya kuokea nayo haikuwapo. Viazi havikuwa vimefika. Makaroni na jibini hata usiulize. Na bata mzinga mwenyewe, anayechinjwa kwa mamilioni kwa heshima ya siku ile, hana ushahidi wa kutosha. Barua ya Edward Winslow, mmoja wa walowezi wa Kiingereza wa Plymouth, Massachusetts, waliokuwapo, inasema tu kwamba watu wanne walitumwa kuwinda ndege, wakarudi na windo la kulisha kijiji karibu wiki nzima. Ndege gani, hakusema. Nyama aliyoitaja kwa hesabu ni ya kulungu: kulungu watano, walioletwa na Wampanoag, wenyeji wa nchi ile.

Massasoit, kiongozi wa Wampanoag, alikuja na wanaume wapatao 90 na wakakaa siku tatu. Walowezi wenyewe walikuwa wamebaki kama 50, kwa kuwa nusu ya waliofika na meli ya Mayflower walikufa katika majira ya baridi ya kwanza. Yaani wageni walikuwa wengi kuliko wenye shughuli, na nyama wakaja nayo wao. Nani alimkaribisha nani hapo, jibu mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi Atlanta, jimbo la Georgia, na nimezoea kuuliza chakula kimetoka wapi kabla sijakitia mdomoni. Mwanzo ilikuwa kwa sababu ya dini. Nguruwe Marekani hujificha mahali usipomdhania: kwenye mboga, kwenye maharagwe, kwenye peremende za watoto, hata kwenye ganda la pai, ambalo wengine hulikanda kwa mafuta yake. Muislamu asiyesoma maandishi madogo ya nyuma ya paketi atakula asichokijua. Basi nikasoma, nikawasumbua wapishi, na kidogo kidogo maswali ya halali na haramu yakanifikisha kwenye maswali mengine. Nani alikipika hiki kwanza? Na kwa nini kiliwe siku hii na si nyingine? Majibu niliyoyapata hayana uhusiano mkubwa na zile kofia za karatasi.

Aliyeipanga meza ya Shukrani ni mjane mmoja wa New Hampshire, Sarah Josepha Hale, aliyezaliwa mwaka 1788. Mumewe alikufa mwaka 1822 akamwachia watoto watano. Akashika kalamu ili wapate kula, na mwaka 1827 akatoa riwaya iitwayo Northwood, yenye sura nzima juu ya karamu ya Shukrani katika nyumba ya wakulima: bata mzinga wa kuoka amewekwa kichwani mwa meza, kando yake bata bukini na bata wa kawaida, pai ya kuku, na mwisho pai ya malenge. Ni maisha ya kwao aliyokuwa akiyaandika, New England (majimbo ya kaskazini-mashariki) ya karne ya 19, wala si Plymouth ya 1621. Plymouth ilikuwa bado haijabandikwa jina la "Shukrani ya kwanza". Jina hilo lilikuja mwaka 1841, kwenye tanbihi ya kitabu cha mchungaji mmoja wa Boston, Alexander Young, miaka 220 baada ya kulungu kuliwa.

Hale alikuja kuwa mhariri wa Godey's Lady's Book, jarida la wanawake lililokuwa na wasomaji wengi ajabu kwa zama zile, na akalitumia mwaka baada ya mwaka kudai jambo moja: Shukrani iwe sikukuu ya taifa zima, kwa siku moja. Aliwaandikia magavana. Aliwaandikia marais mmoja baada ya mwingine. (Ndiye huyuhuyu aliyetunga shairi la Mary na mwanakondoo wake, tuliloimbishwa shule ya msingi bila kuambiwa kwamba bibi huyu alikuwa na mambo mazito zaidi ya kufanya.) Kusini hawakumtaka. Huko Shukrani ilionekana kuwa mchezo wa watu wa Kaskazini na wahubiri wao wanaopinga utumwa, na gavana wa Virginia, Henry Wise, alikataa katakata kuitangaza. Ikabidi vita vije kwanza. Tarehe 3 Oktoba 1863, Wamarekani wakiwa wanauana wenyewe kwa wenyewe, Abraham Lincoln aliitangaza Alhamisi ya mwisho ya Novemba.

Baadaye, mwaka 1939, Rais Roosevelt aliirudisha nyuma wiki moja ili wenye maduka wapate muda mrefu zaidi wa kuuza kabla ya Krismasi. Baadhi ya majimbo yalikubali, mengine yakagoma, na nchi ikawa inakula Shukrani mara mbili, hawa wiki hii, wale wiki ile. Sisi tunaobishana kuhusu mwandamo wa mwezi hatuwezi kuwacheka. Sheria ya mwaka 1941 ndiyo iliyokata maneno: Alhamisi ya nne ya Novemba.

Sasa tuingie jikoni.

Kuna chakula kimoja kwenye meza hii ambacho mwaka wake wa kuzaliwa unajulikana, jiko lake linajulikana, na mpishi wake anajulikana kwa jina. Ni bakuli la maharagwe machanga, yale ambayo Kenya tunayaita mishiri, yaliyovurugwa na supu nzito ya uyoga ya kopo, yakamwagiwa vitunguu vya kukaanga juu na kuingizwa kwenye oveni. Ukialikwa Ohio au Indiana utaambiwa hiki ni chakula cha bibi, na bibi alirithishwa na bibi yake. Haiwezekani. Kilitungwa mwaka 1955 mjini Camden, New Jersey, kwenye jiko la majaribio la kampuni ya supu ya Campbell.

Aliyesimamia jiko hilo ni Dorcas Reilly, aliyesomea sayansi kimu katika chuo cha Drexel, Philadelphia, na kuhitimu mwaka 1947. Kazi yake ilikuwa kutunga mapishi yatakayomfanya mama wa nyumbani afungue kopo la kampuni mara nyingi zaidi. Shirika la habari la Associated Press lilikuwa likitafuta chakula cha kuandika kwa ajili ya Shukrani, kiwe cha vitu ambavyo mtu anavyo tayari kabatini. Karibu kila kabati la Mmarekani wakati huo lilikuwa na vitu viwili: maharagwe machanga na supu ya uyoga. Wakajaribu hivi na vile. Kuna jaribio walilotia nyama ya nguruwe, wakaiacha, alhamdulillahi. Mwisho wakabaki na vitu sita: maharagwe, supu, maziwa, vitunguu vya kukaanga, pilipili manga na tone la soya sosi. Ndiyo, soya sosi, kwenye chakula cha bibi wa Indiana.

Nimekipika mwenyewe. Ukilipindua kopo, ile supu haimiminiki. Inateleza yote kwa pamoja, ya kijivu, ikiwa bado na umbo la kopo, ikakaa bakulini ikitikisika mpaka uivunje kwa mwiko. Ukiikoroga na maziwa inalainika na kuwa mchuzi mzito. Ladha yake, kusema kweli, ni chumvi na joto, na vile vitunguu vya juu ndivyo vinavyookoa jahazi. Lakini kinapikika kwa dakika kumi za kazi na nusu saa ya oveni, na mtu mwenye bata mzinga wa kilo nane wa kuangalia hana haja ya kingine kigumu. Reilly aliijua siku ya mama wa nyumbani ilivyo. Alipoulizwa miaka mingi baadaye, hakukumbuka hata siku alipokitunga. Kilikuwa kimoja kati ya mamia. Mwaka 2002 kadi yake ya mapishi ilipelekwa kuhifadhiwa kwenye jumba la heshima la wavumbuzi mjini Akron, Ohio, na yeye akafariki Oktoba 2018 akiwa na miaka 92. Kampuni hukadiria kwamba nyumba karibu milioni 20 hukipika kila Shukrani.

Vingine viwili vya aina hiyo nitavitaja mbiombio. Viazi vitamu vilivyopondwa na kufunikwa kwa mashimelo, vile vipande vyeupe laini vya sukari na jelatini, ni kazi ya mwaka 1917: watengenezaji wa mashimelo ya Angelus walimwajiri Janet McKenzie Hill, mwandishi wa mapishi wa Boston, awatungie kijitabu cha kuonyesha kwamba peremende yao inafaa kwenye chakula pia. Jelatini nyingi ya huku hutokana na nguruwe, kwa hiyo mimi hutengewa viazi vyangu kabla havijafunikwa, nami hushukuru mara mbili, maana kiazi kitamu kinataka kuongezwa utamu wa nini? Na ile jeli nyekundu ya kranberi tunaidaiwa na wakili, Marcus Urann, aliyeanza kuitia koponi mwaka 1912 huko Hanson, Massachusetts. Tunda hili huvunwa kwa muda mfupi tu wakati wa vuli, na lililochubuka haliuziki likiwa bichi. Kwenye kopo mchubuko hauonekani. Kuna familia ambazo jeli isipotoka na mistari ya kopo ubavuni mwake, ikakatwa mviringo mviringo, huona sikukuu imeharibika, hata kama mpishi amechemsha kranberi mbichi kwa mkono wake tangu alfajiri.

Hadi hapo ni hadithi ya viwanda na inachekesha. Kusini, ninakoishi, meza ni nyingine.

Jirani yangu ni mama wa makamo ya juu, Mmarekani mweusi mwenye asili ya Savannah. Mimi namwita Mama, yeye ananiita mwanangu, na tangu nilipohamia mtaani kwao Shukrani yangu huwa kwake. Pai ya malenge haiingii nyumba ile. Pai ni ya viazi vitamu. Bakuli la mishiri likiletwa na mkwe kutoka Kaskazini hupokewa kwa adabu na kurudishwa likiwa zima. Na kabla mtu hajachukua makaroni huuliza kwa sauti, bila kuona haya, "Nani amepika makaroni?" Ni swali la kweli. Jibu likiwa jina lisilofaa, sahani hupita. Kijana hakabidhiwi makaroni, na mgeni ndiyo kabisa. Mama mwenyewe alisubiri mpaka mama yake alipochoka miguu.

Nimemtazama akiyapika. Jibini huikwaruza kwa mkono, kipande baada ya kipande, aina tatu, na ile iliyokwaruzwa tayari haigusi kwa sababu hupakwa unga wa wanga ili isigandane na, kwa maneno yake, "huo unga ndio unaoharibu mchuzi." Makaroni huyachemsha yakabaki na kiini kigumu kidogo. Halafu hupanga: tabaka la makaroni, tabaka la jibini, siagi, tena makaroni. Mayai yaliyopigwa na maziwa humwagwa juu yakazama polepole, na pembeni mwa sinia huacha nafasi ya kidole kimoja ili yasifurike. Yakitoka kwenye oveni juu yamekauka rangi ya kahawia, pembe zimeungua kidogo, na pembe ndizo zinazogombewa.

Watu wengi hapa watakwambia makaroni haya yaliletwa Marekani na Thomas Jefferson, rais wa tatu. Jefferson aliyapenda, hilo ni kweli. Aliandika namna ya kukanda unga wake, akachora mashine ya kuyatengenezea. Mwaka 1802 mchungaji Manasseh Cutler alikula kwenye makazi ya rais akawekewa pai ya makaroni, akaandika kwenye shajara yake kwamba hakuipenda. Lakini Jefferson hakuyavumbua, maana Elizabeth Raffald alikuwa ameshachapisha mapishi ya makaroni na jibini Uingereza mwaka 1769. Na jikoni hakuingia. Aliyeingia ni James Hemings.

Hemings alizaliwa mwaka 1765. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mtumwa. Baba yake alikuwa John Wayles, mwenye shamba, ambaye pia ndiye aliyemzaa Martha, mke wa Jefferson. Kwa hiyo James alikuwa shemeji ya Jefferson, na kwa mujibu wa sheria ya Virginia alikuwa vilevile mali yake. Mwaka 1784 Jefferson alipotumwa Ufaransa alimchukua kijana huyu wa miaka 19 ili akafundishwe upishi. Akafundishwa kwelikweli: kwa mpishi wa mikahawa, kwa mtaalamu wa keki, hata jikoni kwa mwanamfalme wa Condé. Akawa mpishi mkuu wa nyumba ya balozi jijini Paris, akalipwa mshahara, na kwa fedha yake mwenyewe akamweka mwalimu wa kumfundisha Kifaransa. Kwenye ardhi ya Ufaransa angeweza kwenda mahakamani kudai uhuru. Dada yake Sally alikuwa naye huko. Mwaka 1789 wote wawili walirudi Marekani wakiwa watumwa.

Mwaka 1793 Jefferson alimwandikia ahadi. Atamwachia huru, ila kwa sharti kwamba kwanza amfundishe mtu mwingine wa Monticello, shamba la Jefferson huko Virginia, upishi wote uliomgharimu bwana wake fedha nyingi kusomesha. Mtu mwenyewe akawa Peter, mdogo wake James. Hilo sharti nimelisoma mara nyingi na kila mara nalirudia: uhuru wa kaka ulinunuliwa kwa kumfanya mdogo awe mtumwa mwenye thamani zaidi. James akaachiwa Februari 1796. Kabla hajaondoka aliorodhesha vyombo vya jikoni kwa mwandiko wake, na orodha hiyo ipo hadi leo: sufuria za shaba 19, mifuniko 19, na kuendelea, kazi safi ya mtu anayekabidhi ofisi. Jefferson alipokuwa rais mwaka 1801 alimtaka aje kuwa mpishi wake, akapitisha maneno kwa watu wengine. Hemings alitaka aandikiwe na Jefferson mwenyewe. Hakuandikiwa. Mwisho wa mwaka huo alijiua Baltimore, akiwa na miaka 36.

Nafasi ile ya mpishi wa rais alipewa Mfaransa, Honoré Julien, na baadaye wasichana watumwa kutoka Monticello, Edith Fossett na Fanny Hern, wakaletwa wajifunze kwake. Chakula kilichowafurahisha wageni wa Jefferson uzeeni mwake ni chao. Mwaka 1824 Mary Randolph, ambaye kaka yake alimwoa binti wa Jefferson, alichapisha kitabu cha mapishi ya Virginia chenye makaroni ya tabaka kwa tabaka, jibini na siagi, ndani ya oveni. Ukiyasoma na ukamwona Mama akipanga sinia lake, unaona ni kazi ileile. Waliokuwa wakipika katika nyumba kubwa waliondoka na ujuzi wao vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, wakaufanya wa Jumapili na sikukuu kwenye nyumba zao ndogo. Paketi ya makaroni ya kampuni ya Kraft, yenye unga wa jibini wa rangi ya chungwa, ilikuja mwaka 1937 kwa senti 19, ya kulisha watu wanne nchi ikiwa kwenye ufukara. Mama huiita chakula cha watoto na haongezi neno.

Pai ya pikani nayo ina mtu wake. Pikani ni mti wa asili ya Marekani, lakini una tabia mbaya: ukipanda kokwa la mti mzuri, unaota mti mwingine kabisa, wenye njugu ndogo, ngumu au chungu. Huwezi kufanya biashara na mti wa bahati nasibu. Dawa ni kupandikiza, yaani kukata kijitawi cha mti mzuri na kukiungisha kwenye shina la mti mwingine, na kwenye pikani wataalamu walikuwa wakishindwa. Daktari mmoja wa Louisiana alijaribu, vikafa, akapeleka vijitawi kwenye shamba la miwa la Oak Alley, kando ya mto Mississippi. Huko alikuwapo mtunza bustani, mtumwa, aitwaye Antoine. Katika miaka ya 1840 Antoine alifanikiwa kupandikiza miti 16. Ganda la njugu zake lilikuwa jembamba kiasi cha kuvunjwa kwa vidole. Kwenye orodha ya mali ya bwana wake ameandikwa kwa thamani ya dola 1,000, pamoja na sifa yake ya kupandikiza pikani. Njugu zake zilipata tuzo kwenye maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, zikapewa jina la Centennial, kwa heshima ya miaka mia ya taifa. Jina la Antoine, ambalo ni jina moja tu bila la ukoo, halikuwamo. Pai yenyewe tunayoijua, ya sharubati nzito ya mahindi, ilienezwa miaka ya 1930 na, utakuwa umeshakisia, kampuni ya sharubati.

Nikaribie nyumbani kidogo. Tarehe 1 Januari, Kusini yote hula kunde. Ni kunde hizi hizi zetu, nyeupe zenye jicho jeusi, hupikwa pamoja na wali, pembeni majani ya kijani yaliyochemshwa muda mrefu, na mkate wa mahindi. Kunde ni sarafu, majani ni noti, mkate ni dhahabu. Atakayekula atapata fedha mwaka mzima. Mimi nimekula mara nyingi na hesabu yangu benki haijatikisika. Majani hayo ni sukuma wiki. Nenda duka la pembejeo Kenya uangalie pakiti za mbegu zake, utakuta nyingine zimeandikwa Georgia, jina la jimbo ninaloandikia makala haya. Huku huchemshwa kwa saa nyingi na mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, na mchuzi wake hunywewa kikombeni. Kwa ajili yangu, na kwa ajili ya shinikizo lake la damu, Mama hutumia shingo ya bata mzinga ya moshi.

Kunde ni zao la Afrika, zilivuka bahari pamoja na watu waliovushwa kwa minyororo. Wali wa kunde wa Kusini, unaoitwa Hoppin' John, ulichapishwa katika kitabu cha mapishi cha South Carolina mwaka 1847, lakini ulikuwa chakula cha watumwa muda mrefu kabla ya mwenye kitabu kuuonja. Siwezi kudai undugu wa moja kwa moja na wali wa kunde wa Pwani yetu. Watu waliopelekwa Carolina walitoka hasa Afrika Magharibi na nchi za Kongo na Angola. Ila kuna vitu ambavyo Mswahili yeyote angevitambua bila mkalimani. Mpunga wa Carolina, uliowatajirisha mabwana wa Charleston, bandari ya South Carolina, katika karne ya 18, ulikobolewa kwa kinu na mchi, na ukapepetwa kwa ungo. Wanawake wa Gullah, vizazi vya watumwa wa pwani ile, bado wanasuka vikapu vya nyasi na nyungo hizo, na utawakuta wakiziuza kando ya barabara kuu ya Mount Pleasant. Nilimuuliza mmoja bei ya ungo, nikaurudisha taratibu mahali pake.

Wafanyabiashara walijua walichokuwa wakinunua. Matangazo ya mnada Charleston yalisifia mateka waliotoka nchi za mpunga. Mmoja wa wauzaji wakubwa, Henry Laurens, alikuwa wakala wa ngome ya Bunce Island huko Sierra Leone, akichukua kamisheni kwa kila kichwa kabla hajawa kiongozi wa bunge la mapinduzi ya Marekani. Wale mateka walijua kusoma kujaa na kupwa kwa maji, kujenga matuta, kufungulia na kufungia mifereji, kupanda kwa kisigino. Watumwa walipopata uhuru, na vimbunga vikapiga, biashara ile ikafa taratibu, na mwanzoni mwa karne ya 20 mchele maarufu wa Carolina, unaoitwa Carolina Gold kwa rangi ya makapi yake, ulikuwa karibu umepotea.

Waliourudisha hawakuwa wapishi. Katika miaka ya 1980 daktari wa macho wa Savannah, Richard Schulze, mpenzi wa kuwinda mabata, alitaka mpunga wa zamani wa kuwavutia ndege kwenye bwawa lake. Akapata mbegu kutoka hazina ya mbegu ya serikali, akapanda, akavuna zaidi ya mahitaji ya mabata. Leo mchele huo huuzwa kwenye mifuko midogo ya kitambaa kwa bei ya kukutoa jasho.

Niliununua mara moja, nikapika kunde kwa tui la nazi kama wanavyopika nyumbani, nikampelekea Mama siku ya Mwaka Mpya. Alikula kimya, akaongeza. Akasema ni tamu ila imekosa moshi. Mwaka uliofuata alibisha hodi mapema, ameshika shingo ya bata mzinga ya moshi aliyoiendea mwenyewe kwenye bucha ya halali ng'ambo ya mji, akasimama jikoni kwangu mpaka alipoiona imeingia sufuriani, ndani ya tui. Watu wa Pwani mnisamehe: ilikuwa bora zaidi.